Maji ya Nzoia: Nani Aliyeyachafua, na Tutajuaje?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola aliyetuteremshia maji safi kutoka mbinguni akaihuisha kwayo ardhi iliyokufa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Waama baad. Mwenye kutoka Mombasa kwenda Kitale kwa njia ya Eldoret huuvuka mto Nzoia mara ya kwanza pahali paitwapo Moi's Bridge, ambapo wazee wa zamani walipaita Hoey's Bridge. Akishafika Kitale na kushika njia ya kusini, atapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, na kufikia Webuye atakuta mto ule ule ukimsubiri, sasa umekuwa mpana na mzito, ukianguka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole. Kutoka hapo hadi mji wa Bungoma si mbali. Mto huu huzaliwa katika vilima vya Cherangani, na vijito vingi vya mlima Elgon huteremka kuuongezea nguvu. Ardhi inayoumwagia maji ni zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na mwisho wake ni Ziwa Victoria, upande wa Budalang'i.

Sisi wa Pwani, tuliozoea visima vya chumvichumvi na kuhesabu madumu ya mchuuzi wa maji, huitazama nchi ile kwa kijicho. Mvua yao ni nyingi, udongo wao ni mwekundu na una rutuba, na mahindi husimama pande zote mbili za barabara kana kwamba hayana mwisho. Mtu hudhani kwamba watu walioneemeshwa hivyo hawana taabu ya maji. Tulikwenda huko kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa Kitale na Bungoma na kufanya darsa katika misikiti yao, na tulilolikuta ni kwamba maji yao ni mengi, na wasiwasi wao juu ya maji hayo ni mwingi vile vile.

Swali la akina mama wa Kitale

Baada ya darsa ya alasiri mjini Kitale, bibi mmoja alituuliza: "Sheikh, maji ya mto yakiwa mekundu kama udongo, udhu unasihi?" Tulimjibu kwa yale tuliyosomeshwa tangu tukiwa watoto wa chuoni. Maji huchunguzwa kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Sifa mojawapo ikibadilika kwa kuingiwa na najisi, maji yamenajisika hata yawe mengi namna gani. Lakini yakibadilika kwa udongo wa njia yanayopita, au kwa majani yaotayo ndani yake, au kwa kukaa kwa muda mrefu, hubakia twahara na hutwaharisha. Udhu wake unasihi, wala asijitie wasiwasi.

Bibi yule hakutosheka. "Na kunywa je? Mjukuu wangu ana miezi saba, na mwezi huu ameharisha mara ya tatu."

Hapo ndipo mlango wa tohara unapolikabidhi swali kwa elimu nyingine. Maji yaliyo twahara kwa udhu huenda yakawa madhara kwa tumbo. Vijidudu vya kinyesi huweza kuwamo katika maji meupe yasiyo na harufu wala ladha. Nitrati, ambayo hutoka katika mbolea, samadi na vyoo, nayo haionekani wala hainusiki. Vijidudu hufa maji yakichemka. Nitrati haiondoki kwa kuchemsha; maji yanapopungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja, kwa ajili hasa ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, kwani ikizidi huizuia damu yao kubeba oksijeni, hata ngozi ikageuka rangi ya samawati.

Tulimwambia ampeleke mtoto kituo cha afya siku ile ile, ampe maji ya chumvi na sukari kama atakavyoelekezwa, na maji ya kunywa yote yachemshwe. Lakini swali lake lilibakia limesimama katikati ya majlisi: uchafu huu unatoka wapi?

Kila mmoja humlaumu aliye juu yake

Majibu hayakukosekana. Wa Kitale waliwalaumu wanaolima juu yao milimani. Siku mbili baadaye, Webuye, tuliambiwa kwamba uchafu wote hutoka Kitale. Bungoma walitutajia viwanda vya Webuye. Na bila shaka tungaliendelea kushuka hadi Budalang'i, ambako mto huu hufurika na kuwahamisha watu majumbani mwao, tungaliambiwa kwamba wenye makosa ni wote waliotajwa.

Kila kauli ilikuwa na chembe ya ukweli, lakini lawama peke yake haijawa ushahidi. Dini yetu imetuamrisha tuibainishe khabari kabla ya kuijengea hukumu, tusije tukawadhulumu watu kwa kutojua. Na makadhi wetu wamefundishwa kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta bayana. Je, bayana ya maji hupatikanaje, hali maji hayakai pahali pamoja?

Kuupanda mto

Kutoka Kitale tulifuatana na kijana mmoja aliyesomea elimu ya maji, na njia nzima alikuwa mwalimu wetu.

Swali la kwanza alilotufundisha halihitaji chombo chochote: maji huharibika zaidi wakati gani? Yakiharibika mvua inaponyesha, basi uchafu unatoka ardhini: udongo wa mashamba, mbolea, samadi, na vyoo vilivyofurika. Yakiharibika zaidi kiangazi, mto ukiwa umepungua, basi yuatafutwa mwenye bomba au mfereji unaotoa kila siku kiasi kile kile, na sasa mto hauna maji ya kutosha kukizimua. Na ikiwa ubaya huja usiku tu, au siku moja katika juma, basi nyuma yake kuna mtu aliyechagua saa yake. Mashahidi wa mambo haya ni wanawake. Mwenye kuteka maji kila alfajiri huijua rangi ya mto kama aijuavyo sura ya mwanawe, na mtafiti asiyeanza kwa kumuuliza huyo amejinyima nusu ya elimu.

La pili ni kupanda. Huchukuliwa chupa moja juu ya pahali panaposhukiwa, nyingine pale penyewe uchafu unapoingilia, na ya tatu chini yake, maji yakishachanganyika. Kila kijito huchukuliwa chupa yake kabla hakijakutana na mto. Ikiwa chupa ya juu ni safi na ya chini ni chafu, mshukiwa ana la kujibu. Ikiwa ya juu nayo ni chafu, basi mwingine yuko juu zaidi, na mtafutaji hana budi kupanda tena.

La tatu ni kuitambua alama ya kila uchafu, kwani kila kazi huacha alama yake majini. Rangi za upinde zinazotandaa juu ya maji huashiria mafuta ya gereji. Vijidudu vya matumbo huashiria kinyesi cha mtu au mnyama. Nitrati na fosfeti zikipanda baada ya msimu wa kutia mbolea, mashamba ndiyo ya kuulizwa kwanza. Hata viumbe vidogo vilivyo chini ya mawe ni mashahidi: kuna vibuu vya wadudu visivyovumilia maji machafu, na kuna vijinyoo vyekundu vinavyostahimili pale wengine walipokufa. Kijana wetu aligeuza jiwe katika kijito kimoja karibu na Kiminini, akatuonyesha vibuu vyenye mikia mitatu myembamba, akasema, "Sheikh, hapa bado kuna uhai." Na panaposhukiwa kwamba choo au mfereji fulani unavujia mtoni, wataalamu humimina ndani yake rangi isiyodhuru, kisha hungojea waone itatokea wapi.

Alitueleza pia jambo ambalo wengi hawalijui. Uchafu mwingine si sumu, nao huua. Mabaki ya miwa, ya chakula au ya machinjioni yakiingia mtoni, vijidudu huyala, na katika kuyala huitumia oksijeni iliyomo majini mpaka samaki wakakosa pumzi. Kipimo chake huchukua siku 5: maji hutiwa katika chupa, hufungwa, huwekwa gizani kwa joto la nyuzi 20, kisha hutazamwa ni oksijeni kiasi gani imeliwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu ubora wa maji hazikuruhusu maji taka yanayomwagwa katika mazingira kuzidi miligramu 30 kwa lita katika kipimo hicho.

Yaliyoandikwa juu ya Webuye

Mji wa Webuye ulikua kwa karatasi. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kuzalisha mwaka 1974, na kwa miongo mitatu na zaidi magogo ya misitu ya nyanda za juu yalipikwa pale kwa dawa zenye salfa ili nyuzi zitengane na mti. Kazi ya namna hiyo, popote ifanyikapo duniani, huacha alama mbili: harufu ya yai viza hewani, na maji ya rangi ya kahawia iliyoiva. Kwa miaka mingi wakazi walilalamikia harufu, mabati yaliyoliwa na kutu, na rangi ya mto. Watafiti wa vyuo vikuu nao waliupima mto juu na chini ya mji mara nyingi. Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa, na mwaka 2016 kikauzwa kwa wawekezaji wengine.

Tuliwauliza wenyeji wetu mambo yalikuwaje baada ya kufungwa. Mzee mmoja alijibu kwa maneno machache: "Harufu iliondoka, na mshahara ukaondoka." Nyumba zilikosa karo, maduka yalifunga milango, na vijana waliondoka kwenda kutafuta kazi mijini. Asidhani msomaji kwamba watu wale waliupenda uchafu. Walitaka kazi, na walitaka hewa na maji, na hakuna sheria ya Mwenyezi Mungu inayosema kwamba maskini achague moja tu.

Lakini kufungwa kule kulikuwa na funzo jingine. Mshukiwa mkubwa alinyamaza, na masika yalipokuja mto ukaendelea kupita mwekundu. Udongo ule haukutoka kiwandani. Hutoka katika miteremko iliyokatwa miti, katika mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa maji, na katika vinamasi vilivyokaushwa ili vipandwe. Karibu na Kitale kuna hifadhi ya Saiwa, ndogo kuliko mbuga zote za taifa, kiasi cha kilomita 3 za mraba, makao ya nzohe, paa wa majimaji. Anayekitazama kinamasi kile ataelewa kazi yake: maji huingia yakiwa na haraka na tope, matete huyapunguza mwendo, tope hukaa chini, na mizizi hunyonya mbolea. Kukausha kinamasi ni kulitoboa chujio la nyumba nzima.

Wala hili halimtakasi mwenye kiwanda. Kupatikana kwa mkosaji wa pili hakumwachii huru wa kwanza. Linalotufundisha ni kwamba uchafu una vyanzo vya aina mbili. Kuna chanzo cha pahali pamoja, chenye bomba linaloweza kunyooshewa kidole, na kuna chanzo kilichotawanyika, ambacho ni mikono elfu, kila mmoja ukiongeza kidogo. Karibu na Bungoma tuliwaona kwa macho yetu vijana wakiosha pikipiki katikati ya kivuko, na hatua chache chini yao mwanamke akiosha mboga. Mbele kidogo mtu alikuwa akisuuza bomba la kunyunyizia dawa za shamba. Hakuna aliyekusudia ubaya, na kila mmoja, angaliulizwa, angalikitaja kiwanda.

Isnadi ya chupa

Lililotustaajabisha zaidi ni adabu ya kuchukua sampuli. Chupa husafishwa kwanza. Huandikwa pahali, siku, saa na jina la aliyechota. Huwekwa katika kasha lenye barafu na kufikishwa maabara upesi, kwani vijidudu huongezeka au hufa njiani. Kila anayeipokea hutia saini yake. Mkono mmoja usiojulikana ukiingia kati, au saa moja isiyoelezeka, mahakama ina haki ya kuukataa ushahidi wote.

Tulimwambia kijana yule kwamba hayo kwetu si mageni. Wanazuoni wa hadithi walitwambia nani kapokea kwa nani, je, walikutana, na kila mmoja uaminifu wake ulikuwaje. Maneno mazuri yenye mpokezi mmoja asiyejulikana waliyaita dhaifu, hata kama moyo uliyapenda. Basi na maji nayo yana isnadi. Jirani anayepiga picha ya maji machafu na kuisambaza kwa simu bila ya pahali wala siku ameleta khabari, na khabari hiyo bado inamngoja mpokezi.

Na katika sunna tunayo hukumu ya maji yenyewe. Zubayr (r.a.) na mtu mmoja wa Ansari waligombania mfereji wa kunywesheza mitende Madina. Mtume (s.a.w.) alimpa aliye juu haki ya kutangulia, na akamtaka ayaachilie maji yamfikie jirani yake. Aliye juu ana zamu ya kwanza. Kumpelekea aliye chini maji yaliyoharibika si sehemu ya haki hiyo. Aidha, imekatazwa kujisaidia pale watu wanapotekea maji, na jambo hilo limehesabiwa miongoni mwa yale yanayomletea mtu laana. Basi atazame mwenyewe yule mwenye bomba kubwa, na yule mwenye kopo la dawa ya shamba.

Sheria ya nchi nayo ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe au mtu mwingine amepata hasara. Mamlaka ya kusimamia mazingira, NEMA, hupokea malalamiko, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji husimamia mito. Katika bonde la Nzoia ziko pia jumuiya za watumiaji wa maji, na tuliwahimiza akina mama waingie humo, kwani wao ndio wanaoujua mto.

Na sisi wa Pwani

Asije msomaji akayasoma haya kama khabari za bara. Hapa Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aliona mwanawe akiugua. Alitibiwa malaria na homa ya matumbo bila nafuu, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Kutoka damu ya mtoto mmoja ushahidi ulipanda hadi kwa watoto wengine, kwenye udongo na vumbi la mtaa, mpaka ukafika mlangoni pa kiwanda. Mwezi wa Julai mwaka 2020 mahakama iliwahukumia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Upeo iliirejesha hukumu hiyo Disemba 2024. Safari yote hiyo ilianza kwa mama aliyekataa jibu jepesi.

Na majumbani mwetu, visima vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe yenye nyufa, na choo kipo hatua chache tu. Katika mawe ya namna hiyo maji hupita upesi bila kuchujwa. Mwenye kisima akipimishe, hasa baada ya masika, na aulize majibu ya vijidudu na ya nitrati, si la chumvi peke yake. Aandike siku maji yanapobadilika na mvua ilinyesha lini. Mwenye nyumba anayetaka kuchimba choo kipya atazame kwanza maji ya ardhini yanaelekea wapi, na kisima cha jirani kiko upande gani. Na misikiti yetu yenye hodhi na visima vya wakfu ndiyo iliyo haki zaidi kuanza, kwa sababu watu huyanywa maji yake kwa kutuamini.

Khabari ya mjukuu wa Kitale ilitufikia tulipokuwa Bungoma: amepata nafuu, alhamdulillah. Akina mama wale nao wamekubaliana kuandika kila siku rangi na harufu ya maji, na kijana wetu ameahidi kuwachukulia chupa tatu, ya juu ya kijiji, ya kijijini na ya chini yake. Huenda chupa hizo zikamwelekea mkulima wa juu, na huenda zikavielekea vyoo vyao wenyewe. Wametwambia wako tayari kwa majibu yote mawili.

Tunamwomba Allah atulindie maji yetu, atuepushe na dhulma ya kudhuru na dhulma ya kusingizia, na awape afya watoto wetu wa Pwani na wa bara. Amin.

Wabillahi tawfiq.